Mchangia Njaa

Utepe wa njaa ulikuwa mwembamba kama uzi wa mgomba.

"Tulia hivyohivyo, mama," muuguzi alisema akiubandika nyuma ya sikio la Atuganile. "Utasikia baridi kidogo."

Baridi ilikuja. Ilishuka shingoni, ikapita kifuani, ikatua tumboni. Ng'ambo ya meza binti yake, Ikupa, alikuwa amekwisha kubandikwa utepe wake. Alikuwa amevaa sweta mbili na kofia ya sufu, maana mwili wake haukuwa tena na cha kujipashia joto, na asubuhi za milimani kule juu ya Tukuyu hazina huruma hata kwa walio wazima. Alikuwa na umri wa miaka kumi na sita. Kwa jinsi alivyodhoofika, mtu angemdhania ni mdogo zaidi. Akimtazama machoni, angemdhania ni mzee.

Katikati yao palikuwa na sahani mbili za ndizi zilizochemshwa, mayai, na chai ya maziwa.

"Karibu mezani, mwanangu," Atuganile alisema.

Ikupa alizitazama zile ndizi kama mtu anavyomtazama mbwa ambaye mwenyewe anaapa kwamba hang'ati.

"Na wewe kula, mama."

"Nitakula baadaye. Kula wewe kwanza."

Muuguzi aliyesimama mlangoni alisikia hayo na hakuona ajabu. Mama gani wa milimani hutangulia kula kabla ya mwanawe? Aligeukia kioo cha ukutani. Humo kulikuwa na mistari miwili ya mwanga: wa kijani wa mama, uliokuwa umepanda juu sana, na wa njano wa mtoto, uliolala chini kama kamba iliyokatika.

"Una njaa nzuri, Mama Ikupa," alisema kwa kusifu. "Wodi nzima hakuna mwenye mstari kama wako."

Mambo yalivyokuwa ni hivi. Kutoka tumboni mwa kila mtu hupanda mshipa mrefu wa fahamu mpaka kichwani, na humo hupita habari zote za chakula: nina njaa, hiki kitamu, sasa basi. Kwa watoto wa Wodi ya Meza, waliolazwa kwa ugonjwa wa kukataa chakula, habari hizo zilipanda vizuri tu, ila zilipofika juu zilipokewa na ugonjwa, na ugonjwa ukazigeuza. Njaa ikawa ushindi. Shibe ikawa aibu. Utepe ulizichota habari za tumbo la mtu mwenye afya na kumpelekea mtoto, zikipita pembeni ya ule ugonjwa, ili akumbuke mambo yalivyokuwa. Na kama walivyokuwapo wachangia damu, kukawa na wachangia njaa. Mchangiaji alitakiwa aje na njaa ya kawaida, akae na mtoto, wale pamoja. Hayo tu.

Atuganile ndiye aliyechaguliwa katika ukoo mzima, na sababu ilikuwa kazi yake. Alikuwa mwonjaji katika kiwanda cha chai. Mashine zilikuwa zimechukua kazi ya kuchuma, kunyausha na kusaga majani, lakini hakuna mashine iliyokuwa imejifunza kuonja. Ulimi wake ulijua majani ya bonde lipi yamechumwa baada ya mvua. Ulijua chai iliyoungua kidogo tu kwenye tanuri la kukaushia, na kwa sababu hiyo hakuweza kuvumilia harufu ya kitu chochote kilichoungua. Nyumbani wali ukishika sufuria, yeye hutoka nje. Ikupa, tangu alipokuwa mtoto wa kutambaa, ndiye aliyebaki ndani akikwangua ukoko.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo Atuganile hakumwambia mtu. Tangu Jumapili hakuwa ametia kitu kinywani ila maji. Alikuwa amefunga. Aliwaza hivi: kama njaa ndiyo dawa, basi mimi nitamletea mwanangu njaa kubwa kuliko zote, na nitaileta ikiwa imebeba maombi. Alifundishwa tangu usichana kwamba mfungo ni siri ya mtu na Mungu wake, kwa hiyo kila asubuhi aliosha uso, akajipaka mafuta, akafunga kilemba chake vizuri na kupanda gari la waya linaloning'inia juu ya bonde kwenda hospitalini huku akitabasamu. Na kweli, baada ya siku ya kwanza ya maumivu, mfungo ulikuwa umemjia kama ulivyomjia siku zote: mwili mwepesi, kichwa cheupe, amani tupu.

"Mungu wangu," aliomba sasa moyoni, "njaa hii mpe yeye. Yote. Usiniachie hata tone."

Ikupa aliinua uma. Akauchoma kwenye ndizi. Mistari miwili ya mwanga ikatetemeka, na Atuganile akashika ukingo wa meza.

Kisha Ikupa akaurudisha uma mezani, taratibu, akaulaza kando ya sahani. Alitabasamu. Lilikuwa tabasamu la mtu aliyekabidhiwa kombe mbele ya shule nzima, na Atuganile alipoliona alihisi baridi ambayo haikutoka kwenye utepe.

*

Daktari Zuhura Mshangama alikuwa mtu wa Tanga, mwenye sauti ya chini na mikono isiyotulia. Alimvutia Atuganile kiti, naye akakaa upande uleule wa meza.

"Mama Ikupa, nitakwambia bila kuzunguka. Kunong'ona hakujafaulu."

Kunong'ona ndiko kulikokuwa ngazi ya kwanza ya utepe. Njaa ya mchangiaji ilikuja kwa mtoto kama sauti ya jirani ukutani: aliisikia, na alikuwa huru kuifuata au kuiacha.

"Tumpe muda, daktari."

"Muda ndio sina. Moyo wake umeanza kuchoka. Tunamlisha kwa mpira wa puani kila jioni, lakini yeye mwenyewe anazidi kujifunga. Wiki hii amerudi nyuma kuliko alivyokuja. Sielewi, kwa sababu njaa yako ni kubwa, naiona kwenye kioo kwa macho yangu." Alisogeza kiti chake karibu. "Nataka tumfunike."

Atuganile alikuwa amelisikia neno hilo likisemwa kwenye korido, kwa sauti ya chini, kama watu wanavyotaja upasuaji.

"Kufunika ni nini hasa?"

"Njaa yako haitanong'ona tena. Itajaa. Itafunika ya kwake pamoja na ugonjwa wake. Atakaa mezani na atakula."

"Atakula kweli?"

"Atakula kama wewe. Unachopenda atapenda, utakachomaliza atamaliza. Wiki chache, moyo upate nguvu, halafu tunaufungua utepe polepole."

"Na yeye atakuwa wapi wakati huo?"

Mikono ya daktari ilitulia kwa mara ya kwanza.

"Atakuwepo. Ila chini."

"Chini ya nini?"

"Chini yako, mama."

Nje, ukungu ulikuwa umeufunika mlima Rungwe mpaka kiunoni. Ndege ndogo isiyo na rubani ilipita dirishani ikipeleka chupa za damu maabara, taa yake nyekundu ikiwakawaka ndani ya weupe.

"Yeye mwenyewe mmemuuliza?"

"Tumemuuliza. Amekataa. Amelia sana. Lakini hajafikisha miaka kumi na minane, na sheria inatambua dole la mzazi." Daktari alisogeza mbele kibao cha kioo chenye alama ya kidole gumba. "Sikulazimishi. Wapo waliofunikwa wakapona kabisa. Wapo waliofunguliwa utepe wakabaki hawajijui. Nisingekuomba kama ningekuwa na njia nyingine. Nakuomba unijibu leo kabla ya chakula cha mchana."

Atuganile aliinua dole gumba lake. Liliinuka lenyewe, kwa kweli. Ni mama yupi ambaye lake lisingeinuka? Mwanawe angekula. Angemwona akitafuna. Dole likafika juu ya kioo, akahisi kijoto chake.

Akalirudisha.

"Ngoja kwanza nikaongee naye," alisema.

*

Alimkuta binti yake kwenye baraza la vioo, pale watoto waliporuhusiwa kupumzika baada ya chai. Ikupa alikuwa amelala kwenye kiti kirefu, amefunikwa blanketi mpaka kidevuni. Pembeni yake alikaa Nasra, msichana mrefu kutoka Mbarali, ambaye wodi nzima ilimjua kwa mdomo wake.

"Shikamoo, mama!"

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo, ila nimechoshwa na mwanao. Nimemwambia anisimulie hadithi, ananisimulia hesabu za vekta. Nikamwambia bora basi unipige."

Ikupa alicheka bila sauti. Atuganile aliketi kwenye mkeka miguuni pao. Alitaka kuanza taratibu, lakini maneno yakamtoka yenyewe.

"Nasra, ni kweli wewe uliwahi kufunikwa?"

Wale wasichana wawili walitazamana.

"Kwa hiyo daktari amekuita," Ikupa alisema.

"Ameniita."

Nasra alivuta magoti yake kifuani. "Ni kweli, mama. Si hapa, kule nilikotoka mwanzo. Walimchukua mjomba wangu, maana ndiye mlaji wa ukoo. Nikala, wee! Nikala mpaka wauguzi wakapiga makofi. Kichwa cha samaki, nikafyonza mpaka macho. Mimi, ambaye nilikuwa nakimbia harufu ya samaki!"

"Ukapona?"

"Mwili ulipona. Halafu wakafungua utepe." Alikwaruza ukucha kwenye kiti. "Nikakaa mezani. Wananiuliza, Nasra, chai au uji? Sijui. Wali au ugali? Sijui. Sikutamani kitu. Yaani kitu kimoja tu."

"Kitu gani?"

"Ugoro."

Ikupa alilipuka kwa kicheko, na kicheko kikageuka kikohozi.

"Mjomba ananusa ugoro, mama! Msichana wa kidato cha tatu, natoroka wodini kwenda kumwomba mlinzi ugoro. Ananiuliza, binti, una wazimu? Namwambia sina, nina mjomba."

Atuganile naye alicheka, akajishika mdomo kwa aibu ya kucheka siku kama ile. Nasra akasubiri wamalize. Kisha akasema kwa sauti nyingine, ndogo, "Mwaka haukuisha, nikaugua upya. Ile njaa haikuwa yangu. Ilikuwa mgeni, na mgeni akaondoka na vyombo vyake." Alisimama, akajifunga kanga vizuri juu ya sweta. "Nawaacha muongee."

Walipobaki wawili, mama na binti walisikiliza mvua ikianza kugonga paa, lile paa la hospitali linalokunywa maji na kuyapeleka kwenye matangi.

"Umeshaweka dole?" Ikupa aliuliza.

"Bado."

"Utaweka?"

"Ikupa, moyo wako unachoka. Nitafanyaje? Nimekuletea njaa yangu yote na wewe hutaki hata kuionja."

Ikupa aligeuza uso. Kwa muda alionekana kama mtu anayepima kama aseme au anyamaze.

"Mama, usikasirike."

"Sikasiriki."

"Unachonipa si njaa."

"Una maana gani?"

"Wenzangu wanapata njaa. Nasra sasa anachangiwa na dada yake, anasema tumbo linanguruma, mate yanajaa, anamtukana dada yake kwa kumtesa. Mimi nikikaa na wewe sipati hicho." Alifumba macho. "Napata utulivu. Mwili unakuwa mwepesi, kichwa kinakuwa cheupe. Kama mtu amenishika bega ananiambia, umefanya vizuri, usiguse kitu, uko salama. Ndivyo ninavyojisikia siku zote nikishinda. Ila ya kwako ni tamu kuliko ya kwangu. Wiki hii nzima nimekuwa nikisubiri uje, mama. Si ili nile. Ili nisile pamoja na wewe."

Mvua ilizidi. Atuganile aliona mbele yake juma zima: kilemba, mafuta, tabasamu, sahani aliyoisogeza kando kila siku akisema kula wewe kwanza. Aliona mstari wa kijani ukisifiwa. Kioo kilipima ukubwa wa kilichopita kwenye utepe. Hakikujua kutofautisha njaa inayoelekea mezani na njaa iliyokwisha kuipa meza mgongo na kupata amani yake huko.

"Nimefunga," alisema hatimaye. "Tangu Jumapili. Kwa ajili yako."

Ikupa alifumbua macho, akamkazia. Kisha, pole pole, uso wake ukakunjamana, na kwa mara ya kwanza kwa miezi mingi alilia kama mtoto, kwa sauti, bila kujificha. Mama yake alimkumbatia na blanketi lake.

"Nilidhani ni mimi," Ikupa alisema kifuani mwake. "Nilidhani hata njaa ya mama yangu ikifika kwangu inaharibika."

"Hapana, mwanangu. Ilitoka kwangu hivyo. Ilikuwa sala, lakini niliiweka mahali pasipo pake." Alimpangusa machozi kwa ncha ya kanga. "Nisikilize. Mchana huu nataka tukae tena mezani, kwa kunong'ona. Nami nitakula. Ikishindikana, sijui nitafanya nini, lakini sitaweka dole nyuma ya mgongo wako. Nitakuja nikwambie usoni."

Ikupa alishika ncha ile ya kanga, akaizungushia kidoleni.

"Ikishindikana," alisema, "niambie usoni, halafu weka. Naogopa kufunikwa, mama. Lakini kufa naogopa zaidi. Sijawahi kumwambia mtu hivyo."

*

"Umefunga?" Daktari Mshangama alisimama, akaketi, akasimama tena. "Subhanallah. Na mimi ninafunga kila Ramadhani! Hiyo raha ya mchana, mtu anapojiona amelishinda tumbo lake, naijua kama jina langu. Nimekutazama wiki nzima kwenye kioo na sikukuuliza swali hilo moja."

"Nilificha, daktari."

"Ulificha, na mimi nikashangilia mstari." Alicheka kicheko kifupi cha mtu aliyejigonga. Kisha akawa makini. "Chakula kimoja, kwa kunong'ona. Lakini sikiliza. Umekaa siku kadhaa bila kula, kwa hiyo wewe nawe utaanza na uji mwepesi sasa hivi, halafu mezani utakula kidogo kidogo. Na jambo jingine. Hutaweza kuigiza. Ukila huku unalia moyoni, atapokea kilio. Unanielewa?"

"Unataka nifurahie chakula wakati mwanangu yuko katika hali hii."

"Ndiyo, mama. Ni kazi ngumu. Sijui kama mimi ningeiweza."

Atuganile alielekea kwenye kanisa dogo la hospitali, chumba chenye mabenchi na dirisha moja. Alikunywa uji wake humo humo, kikombe mkononi, akiwa amepiga magoti. Hakujua kama inaruhusiwa. "Bwana," alisema kati ya funda na funda, "nilikuletea mfungo nikidhani ndio mzito kuliko vyote. Kumbe kitu kizito ni hiki. Nifundishe kula."

*

Mchana ulileta wali wa Kyela, maharage, mboga ya maboga iliyoungwa kwa karanga, na birika la chai. Mvua ilikuwa imekatika na jua likaingia mpaka kwenye sahani. Daktari mwenyewe alibandika tepe mbili, akaenda kusimama upande wa pili wa ukuta wa kioo. Nasra, aliyekuwa amekwisha kula na dada yake, alikaa kwenye meza ya jirani akijifanya anasoma.

Atuganile alitia kijiko cha wali kinywani. Wali ulikuwa mzuri. Lakini kila alipoutafuna aliona vifundo vya mikono ya mwanawe, akaumeza bila kuuonja.

"Mama." Ikupa alikuwa amejikunyata. "Unaogopa. Yote inakuja kwangu."

"Samahani."

"Siwezi. Nazidi kuogopa."

Mstari wa kijani ulikuwa ukiyumba kama mlevi. Upande wa pili wa kioo daktari alikunja mikono, akatazama chini.

Atuganile aliweka kijiko. Alifumba macho, akainua viganja. Hakuwa amepanga sala. Alisema ile ya mezani ambayo nyumbani kwao huimbwa na watoto wakigonga vikombe, akaisema yote kwa sauti, kwa Kinyakyusa, mpaka *ndaga fijo, Kyala*, asante sana Mungu. Na aliposema asante, kumbukumbu ikamjia bila kuitwa.

Ilikuwa Pasaka. Kanisa lao lilikuwa na desturi ya kwenda makaburini kabla ya mapambazuko na kungojea jua wakiwa wamesimama kati ya wafu wao, matarumbeta yakilia na pumzi zikitoka vinywani kama moshi. Ikupa alikuwa mdogo, mama yake amembeba mgongoni. Jua lilipotokeza watu walipiga kelele za shangwe, wakakumbatiana, kisha wote wakashuka mbio kwenda kwenye uwanja wa kanisa, ambako akina mama walikuwa wameinjika masufuria ya chai na ndizi. Hakuwahi katika maisha yake kuwa na njaa kama ile. Haikuwa njaa ya kushinda kitu. Kila kitu kilikuwa kimekwisha kushindwa na mwingine, yule aliyefufuka. Kazi iliyobaki ilikuwa kula. Na yule mtoto mgongoni alikuwa akinyoosha mkono juu ya bega lake akipiga kelele, "Na mimi! Na mimi!"

Tumbo la Atuganile likanguruma.

Lilinguruma kwa nguvu, bila adabu, chumba kizima kikasikia. Nasra akashusha kitabu.

"Haki ya Mungu," alisema, "nilidhani ni jenereta."

Atuganile alimimina chai. Aliinusa. Kabla hajajizuia akaivuta kwa kijiko kama afanyavyo kiwandani, kwa ule mfyonzo mrefu wa kelele ambao waonjaji hutumia ili chai itawanyike kila pembe ya ulimi. Ikupa alikuwa akiuonea haya mfyonzo huo tangu shule ya msingi.

"Mama! Watu wanakuangalia!"

"Acha waangalie. Hii ya bonde la chini. Wamechuma asubuhi, kabla ya mvua." Akavuta tena, kwa kelele zaidi. "Na nani aliyeitia tangawizi? Mungu ambariki."

Ikupa alikuwa anacheka. Alicheka akiwa ameshika tumbo, kisha kicheko kikakatika ghafla, akabaki ameshika pale pale, macho yamemtoka.

"Mama. Linauma."

"Nini?"

"Tumbo. Linauma vibaya. Ni... ni njaa. Naichukia!"

"Najua," Atuganile alisema, na machozi yalimtiririka lakini hayakuwa ya huzuni, na wali ulikuwa mtamu, na aliendelea kutafuna. "Inauma. Mimi pia inaniuma. Tule."

Mkono wa Ikupa ulikwenda kwenye kijiko. Ulirudi. Ulikwenda tena. Ugonjwa wake haukuwa umelala. Mama yake aliuona ukipigana usoni mwake, midomo ikijibana, jasho likitoka kwenye paji chini ya ile kofia. Hakuna aliyemshika. Hakuna aliyemfunika. Njaa ilinong'ona tu kando yake, nayo njaa hiyo ilikuwa na jua la Pasaka ndani yake.

Akala.

Kijiko kimoja. Alikitafuna huku analia, akameza, akashika meza kama mtu aliye kwenye gari lililokosa breki. Kisha kijiko cha pili. Mstari wa njano ukajikunja, ukainua kichwa. Muuguzi mlangoni alijifunika uso kwa aproni.

Daktari Mshangama aliingia kimyakimya. "Ikupa," alisema kwa upole, "nataka kujua jambo moja. Ukiniruhusu, nitazima utepe wa mama kwa muda mfupi. Nataka nione njaa ya mama imekuamshia nini. Ukisema hapana, nauacha."

Ikupa alimtazama mama yake. Atuganile hakusema ndiyo wala hapana. Alishika tu kikombe chake.

"Zima," Ikupa alisema.

Mstari wa kijani ukatoweka. Ukabaki wa njano peke yake. Uliporomoka. Karibu na chini kabisa mstari ukasimama. Ukatikisika. Kisha ukaanza kupanda, kwa kusuasua, wenyewe.

Ikupa alikuwa ameinua pua. Kutoka jikoni, ng'ambo ya korido, ilikuja harufu ambayo Atuganile alikuwa amekwisha kuisikia na kukunja uso: mpishi alikuwa anakwangua sufuria.

"Mama," Ikupa alisema kwa sauti ya mshangao, kama mtu aliyekuta chumba chake cha zamani kikiwa vilevile. "Kuna ukoko?"

Daktari akageuka kumtazama Atuganile, mwonjaji wa chai ambaye ulimi wake haukuwahi kukivumilia kilichoungua, na wote wawili wakaelewa kwa wakati mmoja. Njaa ile haikuwa imeazimwa kwa mtu yeyote.

"Kipande kidogo," daktari alisema. "Na maziwa ya moto pembeni. Na kesho tutapigana upya, Ikupa, na kesho kutwa. Mpira wa jioni bado upo. Sikudanganyi."

"Najua," Ikupa alisema. "Lakini ukoko uletwe kabla haujapoa."

Atuganile alikuwa amekwisha kutoka. Alikimbia koridoni na kilemba chake kikamfunguka, akakiacha sakafuni. Alipita mlango wa daktari, ambamo kibao cha kioo kilikuwa mezani hakijaguswa, akaingia jikoni katikati ya moshi na ile harufu aliyoikimbia maisha yake yote, akaivuta kifuani kwa pumzi moja ndefu. "Ndaga, Kyala," alisema. "Ndaga, ndaga!" Mpishi akamtazama mdomo wazi.

Aliporudi na bakuli, chumba kilikuwa kimya kabisa. Ikupa alikichukua kipande kile cha rangi ya kahawia kwa vidole viwili. Aliogopa, ilionekana wazi kwamba aliogopa. Akakiweka kati ya meno.

Krach.

Sauti ile ilijaza chumba kizima. Kwenye meza ya jirani kitabu kilianguka, na Nasra, ambaye kwa mwaka mzima hakujua anachokipenda duniani, alikuwa amesimama, mkono umenyooka.

"Nibakizieni!" alisema. "Nibakizieni na mimi nijaribu!"